Ufunguo anao mama, kadi anayo baba mdogo

SWALI

Shikamoo Mjomba. Mimi ni msomaji wako wa muda mrefu ila sijawahi kuandika, leo nimeona bora niandike maana hili jambo linaninyima usingizi na hapa nilipo hamna wa kumwambia, mume wangu nikianza tu ananijibu hayo ni mambo ya kwenu malizaneni wenyewe. Naomba jina langu usilitoe wala mji ninaoishi, kwetu sema tu ni upande wa Tanga inatosha.

Tuko wanne kwa baba na mama, mimi ndo wa kwanza, wa kiume ni mmoja tu ambaye ndo kitinda mimba. Baba alikuwa mhasibu kwenye mashamba ya mkonge enzi hizo mkonge ulikuwa mkonge, na alikuwa na Peugeot 504 saluni rangi ya maziwa, ile ya gia za kwenye usukani, aliinunua 1984 kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Mjomba hiyo gari ndo ilitupeleka shule, ndo ilimpeleka mama hospitali kumzaa huyo mdogo wetu, misiba ya mtaa mzima ilikuwa inabeba watu, mpaka leo ukisema kwa Mzee wa Pijo watoto wadogo wanakuonyesha nyumba wakati hiyo Pijo yenyewe hawajawahi kuiona ikitembea. Baba alikuwa haishi kutusimulia habari za Bert Shankland, yule dereva wa Dar aliyeshinda Safari Rali mara mbili mfululizo 1966 na 1967 na Peugeot 404, basi na yeye akipanda zile kona za Lushoto anajiona ndo Shankland, mama anashika dashibodi anasoma dua.

Mwaka 2003 siku moja karudi kutoka Korogwe usiku, kaingiza gari kwenye banda nyuma ya nyumba na haikutoka tena. Baadae baadae akaanza kuumwa, presha, kikaja kiharusi, akafariki 2006. Gari imebaki hapo hapo, matairi yameisha upepo, upande mmoja iko juu ya mawe, kioo cha nyuma kilivunjwa na mpira wa watoto sasa kuku wanataga kwenye siti, na bati la banda linavuja. Mama kila Ijumaa anafagia lile banda, anafuta vumbi kioo cha mbele, anatoka zake. Ufunguo uko kwenye kasha lake chumbani na hampi mtu.

Sasa huyu mdogo wetu ameshakuwa mtu mzima, ana kazi yake bandarini, kaona gari za zamani zinavyokodishwa kwenye harusi na kupigiwa picha, akasema sisi tumekalia hela. Kampata fundi mjini, kamleta siku mama yuko kwenye maulidi, fundi kaifunua boneti kaangalia kasema injini ya Pijo haifi hii, leteni betri mpya, namwagia petroli kidogo kwenye kabureta, ikileta ubishi tunaivuta na Land Cruiser gia ya pili, nusu saa nyingi inanguruma. Ufunguo wakikosa watapiga waya. Jumla na matairi ya mtumba laki nane, na wamepanga iwe Idi mosi mchana familia ikiwa imejaa uwanjani, yaani iwe sapraizi. Na mwenye kuombwa hiyo laki nane ni mimi.

Sapraizi yenyewe haikufika mbali, mtoto wa dada yangu karopoka. Mama aliposikia hakufoka hata kidogo, alisema tu "Siku mkiiwasha hiyo gari mjue mmenitoa na mimi humu ndani." Akanyamaza, na mpaka leo ukimuuliza anabadilisha mada anakuuliza watoto wako hawajambo.

Kama hiyo haitoshi wiki hiyo hiyo baba mdogo kapiga simu. Mjomba, tangu msiba huyu mzee hajawahi hata siku moja kuuliza ile gari iko wapi, leo anasema gari ni yake, marehemu alimpa kwa mdomo, kadi anayo, sisi watoto tuitengeneze tu kwa uzuri ikiwaka atakuja kuichukua. Kadi kweli anayo, aliichukua na makaratasi mengine wiki ya msiba, sisi tulijua anatutunzia.

Mimi kusema ukweli natamani kuisikia ile gari ikiwaka hata mara moja. Na naona mama amekwama kwenye huzuni miaka yote hii, labda ikiwaka atafunguka moyo. Dada yangu anayenifuata anasema nikitoa hela nimemsaliti mama. Mdogo wangu anasema nisipotoa basi atawaita watu wa vyuma chakavu waje na mizani yao wapime kilo. Nitume hela? Nisitume? Niende mwenyewe nikakae na mama? Na kama ni kuiwasha, huyo fundi anachosema ni kweli?

Halafu swali dogo la mwisho, kwenye tanki kuna petroli ya tangu siku ile baba alipopaki, mdogo wangu anataka kuifyonza kwa mpira aioshee vyuma, ina shida?

Binti wa Mzee wa Pijo

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole na hizo simu za kila upande. Mtoto wa kwanza mwenye kamshahara kake ndo benki ya ukoo na ndo mahakama ya ukoo, hilo nalijua.

Umeniuliza kama utume laki nane au usitume, ila mimi nikisoma barua yako naona humo ndani kuna injini, kuna mirathi na kuna mama, na kila mtu hapo kwenu anashika kimoja anadhani ndo jambo zima. Mdogo wako kashika injini. Baba mdogo kashika kadi. Wewe umeshika huzuni ya mama. Ngoja tuvitenganishe kidogo, na wapi pa kuanzia utajua mwenyewe maana unawajua watu wako kuliko mimi.

Nianze na baba mdogo kwa sababu umempitia haraka haraka. Miaka yote gari imekaa na kuku hakuuliza. Kauliza wiki ile ile aliyosikia kuna fundi. Gari bovu haina mgombea mwanangu, hiyo ndo hali halisi, ikiwa imekufa pale bandani ni ya anayeifagilia, siku ikinguruma mbele ya ukoo mzima inakuwa mali, na mali ina wenyewe wengi. Sasa nakuuliza, hilo wewe umeliona leo baada ya simu, je una uhakika mama hajaliona siku nyingi?

Umeandika amekwama kwenye huzuni. Hayo ni maneno yake au ni yako? Nauliza kwa upole tu, maana nikiangalia alichofanya kwa macho ya mtu wa nje namuona mwanamke anayefagia kila Ijumaa, anayefuta kioo, anayeficha ufunguo na hampi mtu. Inawezekana ni huzuni, sikatai. Inawezekana pia ni ulinzi. Na inawezekana ni vyote kwa pamoja na yeye mwenyewe hajawahi kukaa akavichambua.

Halafu ile kauli, "mmenitoa na mimi humu ndani". Wewe umeisoma kama maneno ya uchungu. Mimi nikasimama pale uliposema baba mdogo alichukua kadi "na makaratasi mengine". Makaratasi gani mwanangu? Hati ya nyumba ilikuwa wapi? Ya shamba je? Kama huna jibu, basi huenda mama anasema kitu kile kile alichokisema, neno kwa neno, kwamba siku mkiamsha ugomvi wa gari mnaamsha na wa nyumba. Huenda nakosea. Ila kabla hujaamua kwamba mama anahitaji kufunguliwa moyo, muulize kwanza anaogopa nini.

Hapo hapo kwenye mirathi, hujaniambia kama baada ya msiba kuna mtu aliteuliwa msimamizi. Nahisi hamna, maana angekuwepo hayo makaratasi yangekuwa kwake. Bila msimamizi hamna mwenye mamlaka ya kuiuza hiyo gari wala kuibadilisha jina TRA, si mdogo wako na mizani yake ya chuma chakavu, si baba mdogo na kadi yake, kadi inaonyesha gari imesajiliwa kwa jina la nani na jina lililopo pale ni la marehemu. Njia inajulikana, kikao cha familia kinapendekeza mtu, mnakwenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao na cheti cha kifo, mtaulizwa mbona mmechelewa na mtajieleza, wengi wanachelewa. Kwa kuwa umetaja maulidi na Idi nachukulia mtafuata sheria ya kiislamu, basi mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni, yaani moja ya nane, watoto mnagawana inayobaki wa kiume mara mbili ya wa kike, na ndugu wa marehemu harithi kama marehemu kaacha mtoto wa kiume. Baba mdogo akisema alipewa, hiyo inaitwa hiba, na hiba inaulizwa ilikabidhiwa lini na mbele ya nani. Gari iko kwenu, ufunguo anao mama. Nendeni kwa shekhe mnayemwamini awaeleze, mimi si kadhi. Ila na hili nalo lina hatari yake usije ukasema sikukwambia, ukifungua faili la mirathi unafungua kwa mali zote, na kuna familia zilikuwa zinakula sahani moja Idi mpaka walipokwenda mahakamani.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, maana nimekaa gereji miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua za watu na hapa mkono unaniwasha.

Fundi wenu kasema injini ya Pijo haifi. Nusu ni kweli. 504 ilitoka 1968, zilitengenezwa zaidi ya milioni 3, Nigeria pale Kaduna waliendelea kuziunga mpaka miaka ya 2000, kwa hiyo spea bado zinapatikana ukizitafuta. Taiming yake ni cheni, haina mkanda wa kuoza. Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, ni aluminiamu na viti vya valvu vimepachikwa vya chuma, hivyo petroli ya siku hizi isiyo na madini ya risasi haiitishi sana. Hayo yote ni mazuri.

Ila kuna swali fundi hakuuliza na wewe pia hukuliona, nalo ndo kubwa kuliko yote. Ilipakiwa kwa nini? Umeandika karudi Korogwe usiku, kaiingiza bandani, haikutoka tena, halafu baadae baadae ndo akaanza kuumwa. Kwa hiyo ugonjwa haukuipaki hiyo gari. Mtu anayejiita Shankland haachi gari yake hivi hivi. Kama njiani ilichemsha, na Pijo nyingi za umri ule ndo zilikokuwa zinaishia, basi inawezekana gasketi ya hedi iliungua na maji yakaingia kwenye silinda, na maji yakikaa kwenye silinda ya chuma miaka yote hiyo pistoni zinashikana na kutu ukuta kwa ukuta. Gari iliyopaki ikiwa nzima na gari iliyopaki ikiwa inaumwa ni kazi mbili tofauti na bei mbili tofauti. Na aliye hai anayeweza kukwambia usiku ule kulikuwaje, baba alisema nini akiingia ndani, alikuwa amebeba dumu la maji au hakubeba, ni mama peke yake. Unaona hapo? Unaweza kwenda kwa mama bila kuomba ruhusa yoyote ya kuwasha, unakwenda kumuuliza habari ambayo hakuna mwingine anayo.

Kuivuta na Land Cruiser sasa. Nitakueleza kinachotokea halafu upime. Oili imeshashuka yote chini kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini, huko juu kumekauka. Ringi za pistoni zimeshikana na laina, lile bomba pistoni inamopanda na kushuka, valvu nyingine zimeganda kwenye gaidi zake, vile vitundu zinamopita. Gari nzito inavuta, dereva anaachia klachi, matairi ya nyuma yanalazimisha injini izunguke itake isitake. Valvu iliyoganda haishuki, fimbo yake inapinda. Ringi iliyoshikwa na kutu inakatika au inachana laina. Kama kuna maji yamejaa kwenye silinda moja, maji hayabanwi, inapinda konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Na inawezekana isitokee hata kimoja na iwake kweli, nimeshaona zikiwaka hivyo, watu wakashangilia, halafu wiki ya pili inafuka moshi wa bluu na kugonga. Hiyo petroli ya kumwagia kwenye kabureta huku stata inazunguka ndo inaunguza mafundi nyusi na magari, na hapo una banda la zamani, nyaya zilizotafunwa na panya, na watoto wa Idi wamezunguka kuangalia. Tena wakiiwashia humo humo ndani ya banda ule moshi wenyewe unaua, watu wengi wanasahau.

Njia ya taratibu ni hii, na haianzi na betri. Petroli ya zamani inatolewa yote, tanki linaoshwa, mipira ya mafuta inabadilishwa, kabureta inafunguliwa na kusafishwa maana petroli iliyokaa inaacha gundi inayoziba vile vitundu vidogo. Filta ya hewa inaangaliwa, na bomba la ekzosi pia, nyigu na panya wanapenda kujenga humo. Halafu plagi. Plagi za 504 zimezama kwenye mashimo marefu juu ya roka kava, ukizifungua bila kupuliza uchafu kwanza mchanga wote unaingia ndani. Ukishatoa plagi unamimina kwenye kila silinda oili ya kulegeza, wengine wanatumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Hapa kuna kitu vijana wengi hawakijui, injini ya 504 imelala upande, nyuzi 45 hivi, kwa hiyo ukimimina kidogo oili inakimbilia upande wa chini wa pistoni tu na upande wa juu unabaki mkavu na kutu yake. Inabidi imiminwe ya kutosha ifunike kichwa cha pistoni chote, iachwe siku kadhaa, iongezwe tena.

Baada ya hapo ndo inajaribiwa kwa mkono. Spana kwenye nati ya puli ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, gia ikiwa fri, plagi ziko nje, unavuta taratibu kwenda, unarudisha kidogo, unasikilizia. Fundi mzuri utamjua hapo. Ikigoma fundi mbaya anatafuta bomba la kurefushia spana, fundi mzuri anaongeza oili anakwambia tuonane wiki ijayo. Ikizunguka, kava la juu linafunguliwa aone valvu zote zinapanda na kushuka. Oili ya zamani inamwagwa na inaangaliwa, ikitoka na rangi ya chai ya maziwa basi maji yameingia na habari ya usiku ule wa Korogwe imeshajieleza. Inawekwa oili mpya na filta, hapo sasa ndo betri, na stata inazungushwa plagi zikiwa bado nje mpaka taa ya oili izime kwenye dashibodi. Pointi za distribyuta zinapigwa msasa laini, moto unaangaliwa, maji yanajazwa kwenye rejeta. Ndo inawashwa, nje, mtungi wa kuzimia moto pembeni.

Na mkilazimika kufungua silinda hedi, mwambie fundi neno hili, laina za hiyo injini ni za kuchomoka, zimesimama kwenye maji, ukitoa hedi ukazungusha kranki bila kuzishikilia zinanyanyuka, na zile sili za chini zikiachia maji yanakwenda moja kwa moja kwenye oili. Akikushangaa, huyo 504 haijui.

Kuwaka nako si kutembea. Breki zimekaa tangu 2003, masta silinda na silinda za magurudumuni zimeshashikana, klachi inaweza ikawa imegandana na flaiwili. Mdogo wako anaota maharusi kwenye siti ya nyuma na mimi naiona ile barabara ya kushuka Lushoto. Laki nane hazifiki huko mwanangu, zinaweza kuishia kwenye breki na matairi tu.

Kwa hiyo ukiniuliza njia zilizopo, kuiacha kama ilivyo ni mojawapo na haina dhambi, ila usidhani ukiiacha inabaki vile vile, bati linavuja na hewa ya pwani mnaijua, kila masika inaondoka na kipande. Kuna njia ya katikati ambayo sioni mtu kaitaja kwenu, mnaweza kuiokoa bila kuiwasha. Kuziba bati, kuiweka juu ya stendi za chuma badala ya mawe, kuhamisha kuku, kutoa petroli, kumimina oili kwenye silinda na kuizungusha kwa mkono mara moja moja. Hela yake ni ndogo, na haifungi mlango wowote, kesho mkiamua kuiwasha iko tayari, mkiamua kuiuza kwa wapenzi wa magari ya zamani inauzika vizuri kuliko kwa kilo. Tatizo lake ni kwamba kwa macho ya mama inaweza kuonekana ni kuwasha kwa kunyatia, na kwa masikio ya baba mdogo habari ni ile ile kwamba gari inatengenezwa. Kama mtaifanya basi mama awe anajua kila boliti, na pengine ufunguo ubaki kwake mpaka mwisho, spana ya kuzungushia haihitaji ufunguo.

Unaweza pia kutuma hela yote na Idi ikawa Idi. Utapata ulichotamani, kama itawaka. Ila jiulize utakuwa umesimama wapi uwanjani wakati huo, na mama atakuwa wapi, na ikiwa imewaka na baba mdogo yupo pale na kadi mfukoni, nani atazima. Au unaweza usitume kitu, na hapo dada yako atafurahi, ila usifikiri umemaliza, mdogo wako atabaki na hasira na wewe utabaki na hamu yako.

Kuhusu huyo mdogo wako nina neno. Nyinyi wakubwa mlipanda hiyo gari miaka na miaka. Yeye ilipopaki alikuwa bado mtoto, kilichobaki kwake ni jina la Mzee wa Pijo na gari yenye kuku. Anaongea biashara ya harusi kwa sababu ndo lugha aliyonayo, huenda na yeye anataka kile kile unachokitaka wewe. Umeshawahi kumuuliza bila kuzungumzia hela? Hata lile tishio la chuma chakavu mimi nalisikia kama mtu anayesema mbona hamnisikilizi. Anaweza akawa yeye ndo wa kukaa bandani na fundi mtulivu wakati wewe unakaa ndani na mama, au anaweza akakataa akasema mnamchelewesha, hilo siwezi kumsemea.

Na hamu yako wewe usiione aibu. Umeandika natamani kuisikia hata mara moja kisha ukakimbilia kusema ni kwa ajili ya mama. Mwambie mama hivyo hivyo kwamba ni wewe unayetaka, inaweza ikawa rahisi kwake kujibu ombi la mwanae kuliko kujibu mtu anayekuja kumtibu huzuni. Akikataa tena utakuwa umejua anakataa nini.

Ukienda usiende siku ya Idi, siku hiyo nyumba ina watu na kila mtu ana masikio. Nenda Ijumaa ya kawaida, na ufagio ushike wewe.

Nimalizie na petroli yako, na hii msingoje kikao. Mwambie asifyonze kwa mdomo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zimeachana na petroli yenye madini ya risasi mwishoni mwa 2005, sasa hiyo yenu ni ya 2003, uwezekano ni mkubwa kwamba ni ya risasi, na risasi inaingia mwilini kwa kumeza, kwa mvuke na hata kwa ngozi, hivyo kuoshea vyuma kwa mikono mitupu nako hapana. Watoe kwa kufungua boliti ya chini ya tanki au kwa pampu ya mkono, nje kwenye upepo, glavu mkononi, mbali na jiko la mkaa na mtu mwenye sigara, iingie kwenye dumu la chuma lenye kifuniko na liandikwe ili asije mtu akadhani mafuta ya taa. Isimwagwe shambani wala karibu na kisima, na isiwekwe kwenye bodaboda ya mtu. Waulizeni kwenye gereji kubwa ya mjini au kituo cha mafuta kama wana namna ya kuipokea na mafuta machafu mengine, wengine wanapokea. Na ukiizungumzia kwa mama mwambie tu tunatoa hii kwa ajili ya usalama wa nyumba, kuku na wajukuu, maana ndo ukweli.